Wampembe Iko Kushoto

Jumatatu, 6 Juni

Baridi tena. Mawese yameganda kwenye ndoo, nayachota kwa mwiko. Nimefungua duka na soksi mbili mbili miguuni na kanga ya Mama kichwani. Mteja wa kwanza, kijana mzima na ndevu zake, kaniamkia "shikamoo bibi". Nina miaka ishirini na tisa! Nilitamani kumpunja sukari.

Upande wa pili wa ukuta, kelele za gemu tangu asubuhi. Honi, breki, matusi. Chumba kile kilikuwa stoo ya samaki wa Baba. Mdogo wangu Idi akakigeuza: televisheni moja, mashine moja, mabenchi mawili. Bado kinanuka migebuka. Vijana wa mtaa wetu wa Milanzi hawajali. Wanalipa, wanaendesha magari ya kwenye kioo siku nzima, na hakuna hata mmoja mwenye baiskeli.

Leo ameingia mgeni kutoka Mbeya. Hakukaa. Kasema televisheni mbovu. Kweli mbovu. Ilianguka ikishushwa kwenye lori, na tangu hapo kona ya chini kushoto ni doa jeusi, pana kiasi cha kisosi. Mgeni anasema hapo kwenye doa ndipo inapokaa ramani ndogo. Inakuonyesha uko wapi, unaelekea wapi. Bila hiyo mnachezaje? Idi kamjibu: "Mshikaji, sisi njia tunazijua kichwani." Wenzake wakacheka. Mgeni akaenda zake.

Mtu anajuaje njia za mji ambao haupo? Nimelifikiria hilo mpaka adhuhuri.

Jumatano, 8 Juni

Pikapu ya Baba iko juu ya mawe uani, inasubiri springi kutoka Tunduma. Kwa hiyo Baba yuko dukani kwangu. Anapanga upya sabuni nilizokwisha kupanga. Anawauliza wateja habari za barabara. Baba bila gari ni adhabu ya nyumba nzima.

Mji wote unamwita Mzee Honi. Alikuwa dereva wa malori ya mkoa, zama za foleni za sukari. Ruksa za biashara zilipokuja akanunua gari lake, akaanza kupeleka bidhaa Wampembe, kule ziwani, na kurudi na samaki. Anapiga honi kila kona. Hata kona isiyo na mtu, hata porini. Anasema hajawahi kumgusa hata kuku, na ni kweli.

Saa nne kachoka na sabuni zangu, kaenda kuwafokea wale vijana. Mnaendeshaje hivyo, nyinyi? Idi akampa padi ya kuchezea. Basi.

Kaanza kuendesha upande wa kushoto, kama mtu yeyote mwenye akili. Kumbe mji ule wote unaendesha kulia. Akagongana na kila kilichokuja. Teksi, basi, polisi. "Hawa leseni wamezipata wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mchele.

Halafu gari lilipoharibika Idi akamwonyesha namna ya kupata jingine: unamvuta dereva, unamtupa chini, unaondoka. Baba kaweka padi chini. Astaghfirullah. Hawezi kumtupa dereva mwenzake barabarani. Ikabidi vijana wamtafutie lori lililoegeshwa bandarini, halina mtu. Hilo kalikubali. Na alipomaliza alilirudisha.

Ijumaa, 10 Juni

Ugomvi baada ya swala. Ugomvi wa kipumbavu, lakini wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana haukuisha.

Ni hivi. Kwa kuwa ramani hawaioni, vijana wameupa ule mji majina ya kwetu. Mtelemko mkali wanauita Lyamba, kwa ajili ya milima yetu ya kushukia bondeni. Ule mnara wenye taa nyekundu wanauita Mnara, kwa kuwa hata sisi tuna mnara wa simu pale njia panda. Na ufukwe wenye vibanda vya samaki wanauita Wampembe. Mtu akitaka kumwelekeza mwenzake anasema: toka stendi, ukifika Mnara kata kushoto, shuka Lyamba, umefika Wampembe.

Baba kawaka. Wampembe haiko kushoto! Pale mnarani Wampembe ni kulia. Kushoto unateremkia Milepa, bondeni. "Mimi nimekwenda Wampembe kabla hujazaliwa, leo unaniambia iko kushoto?"

Idi anasema, Baba, hii siyo Sumbawanga.

"Basi msiiite Wampembe."

Akakata kulia kwa hasira, akaingia baharini na lori lake. Mimi nilikuwa mlangoni na chai yake, nikarudi nayo.

Jumapili, 12 Juni

Baba anarudi kila siku. Huwezi kuamini. Vijana wanaacha kucheza ili wamwangalie. Haendi mbio, hamgongi mtu, anapiga honi kila kona. Anasimama kwenye taa nyekundu peke yake mji mzima. Anawafundisha pia. Ukipita mahali papya, geuka utazame nyuma, maana njia ya kurudi haifanani na ya kwenda. Ukipotea usiongeze mwendo. Kuuliza si ujinga. "Tutamwuliza nani humo, mzee?" Akafikiri. Akasema ulizeni ukuta, ulizeni rangi ya duka, kila kitu kinasema.

Asubuhi aliniuliza Mama yuko wapi. Mama alikuwa mbele yake, anammiminia uji wa ulezi. Akacheka, nasi tukacheka. Kisha akaniita Riziki. Riziki ni shangazi, dada yake, tulimzika nikiwa mdogo.

Uzee huo. Nimejiambia ni uzee tu.

Alhamisi, 16 Juni

Springi imefika. Fundi anaifunga.

Na habari kubwa: Baba amezoea kuendesha kulia. Kwenye gemu. Ametoka stendi, kakata kushoto pale Mnara bila kubisha, kashuka Lyamba, kafika ile Wampembe yao, kaegesha. Hakugusa kitu njia nzima. Chumba kizima kilipiga makofi. Hata mimi niliacha duka nikapiga makofi. Mtu wa umri wake, kujifunza upya! Nilijisikia fahari.

Jumamosi, 18 Juni

Naandika ovyo.

Tulitoka na pikapu kwenda sokoni, Baba na mimi. Barabara yetu wenyewe, mchana kweupe. Akaingia upande wa kulia. Hakuyumba, hakusinzia. Alihamia kulia akatulia pale, mkono mmoja kwenye usukani, kama kwake. Mbele yetu mama na mtoto mgongoni, anasukuma baiskeli ya mkaa. Nilipiga kelele, maneno gani sijui. Baba akapiga honi. Kampigia honi yule mama! Akamshangaa kwa nini hasogei upande wake.

Yule mama aliitupa baiskeli, akarukia mtaroni. Mkaa wote chini. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Nilishuka nikamwokotea mkaa huku namwomba radhi. Alinitazama, akamtazama Baba, akasema, "Huyo mzee wenu mumpumzishe."

Baba ndani ya gari: "Unaogopa nini, Riziki?"

Sijui. Ni gemu limemchanganya, au yeye alikwishachanganyika na gemu halina kosa? Sijui nimwambie nani. Kila nikifumba macho naiona ile baiskeli.

Jumanne, 21 Juni

Nimewaambia. Mama kasema jicho la watu, tangu Baba aliponunua gari wapo wasiolala. Idi kasema mazoea tu, yatapita. Nikamwambia afunge gemu. Akasema nifunge duka. Tukapigana maneno mpaka Mama akatutupia kandambili moja moja.

Mwishowe tumemwambia Baba televisheni imekwenda kwa fundi. Tumeifunika kwa shuka kule kule chumbani. Watu watatu wazima tunamdanganya mzee wetu kuhusu televisheni.

Alitusikiliza. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Sawa." Hakuuliza fundi gani. Baba mwenye kuuliza kila kitu.

Alhamisi, 23 Juni

Jana Mama kampeleka Baba kwa daktari. Presha nzuri, sukari nzuri. Kichwa ndicho kinachozeeka haraka kuliko mwili, daktari kasema, na asiendeshe tena gari. Kamwambia Mama pembeni. Mama hakumwambia Baba.

Mama anataka nimwambie mimi, mkubwa wa watoto. Mimi nasema Idi, ndiye mwanamume. Idi anasema Mama, ndiye mkewe. Tunazungushana hivyo tangu jana.

Ufunguo anauvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu, chini ya kanzu. Analala nao, anatawadha nao.

Nikimwacha nao, ipo siku atamgonga mtoto wa mtu, na hapo tumekwisha sote, yeye wa kwanza. Nikimnyang'anya, atabaki nani? Mzee Honi bila honi. Nimekaa dukani siku nzima nikilipindua hilo. Nimemrudishia mteja chenji mara mbili.

Na gemu tumelifunga, lakini hali haijawa nafuu, imekuwa mbaya zaidi. Anakaa ndani ya pikapu uani, imezimwa, anazungusha usukani. Kushoto, kulia. Honi anaipiga kwa mdomo, taratibu.

Mimi nilimwomba anifundishe gari nilipomaliza darasa la saba. Akasema wewe kaa dukani. Idi akafundishwa. Na Idi hata hapendi gari, anapenda za kwenye kioo. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo. Limenichoma tu.

Jumatatu, 27 Juni

Nimeamua. Nitamwambia mimi, kesho, baada ya uji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeyapanga maneno nikiwa nafagia: Baba, umeendesha miaka mingi, sasa ni zamu yetu kukuendesha wewe. Sauti inakatika hapo kwenye zamu. Nimerudia mbele ya magunia. Magunia yamekubali.

Naogopa, na sikufichi kitu wewe daftari. Naogopa kwamba hatakasirika. Akikasirika nitajua ni Baba. Akisema tu "sawa", sitaweza.

Jumanne, 28 Juni

Kaondoka.

Aliswali alfajiri, akamwambia Mama anakwenda Wampembe kuchukua samaki, Mama akadhani anaota, akageuka upande. Tulipoamka geti wazi, pikapu haipo. Na maneno yangu yote niliyoyapanga yamekwenda nayo.

Tulisubiri. Labda atarudi. Adhuhuri hakuna kitu. Simu hana, na hata angekuwa nayo, huko haishiki.

Alasiri limeingia lori kutoka Wampembe. Dereva wake anamjua Baba kama anavyojua ndala zake. Hajapishana naye. Na barabara ni moja! Mama kakaa chini pale pale stendi, kwenye vumbi.

Jirani yetu mwenye lori kakubali kwenda kumtafuta na Idi. Wanaweka mafuta, wanasema wataifuata barabara ya Wampembe, watatazama kila korongo. Korongo. Nimelisikia hilo neno nikaingia chumba cha gemu nisimwone mtu. Nikavuta shuka. Televisheni imezimwa, kioo kijivu, doa kwenye kona. Nikalitazama lile doa sijui kwa muda gani.

Toka stendi. Ukifika Mnara, kata kushoto.

Nimetoka mbio. Nimewaambia, Wampembe iko kushoto! Jirani kanitazama kwa huruma, kaona ugonjwa wa nyumba hii unaambukiza. "Dada Zuhura, kushoto ni Milepa." Najua ni Milepa! Mtoto wa chekechea anajua ni Milepa! Ila Idi alielewa. Nilimwona uso unavyobadilika, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Wananiambia nibaki. Sibaki. Lori linanipigia honi.

Jumatano, 29 Juni

Tumempata. Mzima. Naliandika hilo kwanza.

Tulikata kushoto mnarani. Kila kijiji tunasimama. Mmeona pikapu ya buluu? Kijiji cha kwanza hapana. Nikaanza kujilaani. Kijiji cha pili, muuza miwa: "Yule mzee wa honi? Kapita asubuhi, upande usio wake." Nilitaka kumbusu yule mtu. Tangu tulipoondoka Idi alikuwa anatazama makorongo tu.

Tukashuka Lyamba, ile ya kweli. Kona juu ya kona, mawe, na chini bonde lote la Rukwa limetanda, la njano. Kila kona nikifumba macho, nikifumbua hakuna gari lililopinduka. Alipita hapa. Peke yake, kulia. Sijui Mungu alimshikia wapi.

Pikapu ilikuwa chini kabisa ya mtelemko, imeegeshwa vizuri pembeni, jiwe nyuma ya tairi. Baba alikuwa kwenye boma la Limbu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. Kamkalisha kwenye kigoda, kampa mtindi kwenye kibuyu, kamfunika blanketi lake mwenyewe. Limbu alikuja kutupokea njiani, sauti chini. Kasema alimkuta ndani ya gari limezimwa, ameshika usukani, jua kali, analia. Kamuuliza mzee unakwenda wapi, kajibu nimefika.

Baba alipotuona alikunja uso. Kasema tumechelewa. Kisha akaonyesha mifugo kwa kidole.

"Hawa ng'ombe wanafanya nini Wampembe? Na ziwa limekwenda wapi?"

Limbu ndiye aliyejibu, kwa adabu, mikono nyuma:

"Tumehamia juzi tu, mzee. Tusamehe kwa usumbufu."

Baba akatikisa kichwa, akaridhika. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikalia. Mtu asiyetujua, asiyetudai chochote.

Jua lilikuwa limezama, tukalala pale pale. Asubuhi nilimkuta Baba amesimama barabarani, anautazama mlima. Kisha akasema, bila kugeuka, "Hii ni Lyamba. Nimeshuka Milepa." Sauti yake kabisa, ile ya zamani. Nikasema ndiyo, Baba. Akauliza, "Nilimgonga mtu?" Nikasema hapana. "Una hakika?" Nina hakika, Baba.

Idi alinyoosha mkono kuomba ufunguo. Baba akaushika mkono wa Idi, akampa salamu ya asubuhi. Sijui kama alikosea au alikataa. Halafu akaivua ile kamba mwenyewe, ikamkwama masikioni, nikamsaidia. Akaniwekea ufunguo kiganjani. Mimi. Nisiyejua hata gia. Akazunguka akapanda upande wa abiria.

Nikampa Idi ufunguo, nikakaa katikati. Njia nzima ya kupanda, kila kona, mkono wa Baba unapita mbele ya kifua changu, unabonyeza honi.

Maneno yangu ya zamu sikuyasema.

Ijumaa, 1 Julai

Wanakuja kutupa pole, wanakula maandazi, wanatoa ushauri. Mmoja kasema mganga. Mwingine kasema gemu ni mashetani ya Wazungu. Mwingine katushauri tumfungie Baba ndani. Huyo nimemwonyesha mlango, na andazi lake mkononi.

Idi hali chakula. Anasema yeye ndiye aliyeipa ile Wampembe jina. Nikamwambia asijipe ukubwa. Sikusema kwa ukali wangu wa kawaida. Leo kabadilishana televisheni na mfanyabiashara mmoja, kaongeza redio yake juu. Kaja na televisheni yenye kona nzima. Kisa: Baba aione ramani, asipotee tena. Nimemwuliza, asipotee wapi? Labda hata yeye hajui. Lakini alikuwa na furaha ya kitoto, sikutaka kumvunja.

Tukaiwasha. Kumbe ule mji ni kisiwa! Miezi yote hii, Lyamba, stendi, Wampembe, vyote ni kipande kidogo cha kisiwa, na kilichobaki hakuna aliyewahi kukifikia. Vijana waliona aibu, nadhani. Kisha wakaanza kucheza, macho yote kwenye kona, wakawa wanagonga kuta walizozikwepa siku zote.

Baba akaletwa. Akatazama ile ramani. Katikati yake kuna mshale mdogo mweupe, unageuka kila anapogeuka.

"Huyu ni nani?"

Idi: "Ni wewe, Baba. Hapo ndipo ulipo."

Baba aliutazama mshale. Akajitazama mikono, magoti. Akapapasa benchi alilokalia.

"Mimi niko hapa," akasema. Kwa woga. Sijawahi kumsikia Baba na woga.

Akaweka padi chini, akatoka. Nimechukua kipande cha boksi la sabuni, nimekikata kiasi cha kisosi, nimekibandika kwenye kona. Hakuna aliyenibishia.

Jumatatu, 4 Julai

Ameuliza ufunguo uko wapi. Nimemwambia ninao mimi. "Sawa." Baada ya muda ameuliza tena. Ninao mimi, Baba. "Sawa." Niliogopa neno hilo, na sasa nalisikia kutwa.

Wakati mwingine ni Baba kabisa, ananisahihisha bei ya sabuni. Wakati mwingine ananisalimia kama mteja. Sijui nikiamka nitamkuta yupi, kwa hiyo nawaandalia wote wawili uji.

Jumapili, 10 Julai

Upepo mwingi. Idi na vijana wote wamekwenda uwanjani kutazama mpira. Nimefunga duka mchana, nikaenda kufagia chumba cha gemu. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, televisheni inawaka, lori limesimama bandarini. Padi iko magotini pake. Haendeshi.

Nikafagia mpaka miguuni pake. Akasogea, akanipa nafasi. Nikakaa. Akaniwekea padi mkononi.

"Endesha, Riziki."

Nikamwambia sijui. Akasema ndiyo maana tuko hapa.

Akanifundisha. Kaa sawa kwanza, hujaja kupumzika. Tazama nyuma kabla hujaondoka. Usitazame boneti, boneti haiendi popote, tazama mbali. Hiki cha mafuta, hiki cha breki, na hiki, akakigonga kwa kidole, hiki cha honi. Niligonga nguzo. Nikagonga ukuta. Nikamgonga mtu, nikapiga kelele, na Baba akasema taratibu, huyo ataamka, humu huamka, lakini wewe usizoee.

Nilijua ni Shangazi anayefundishwa. Labda aliwahi kumfundisha, au labda aliwahi kumnyima. Sikuuliza. Nilifurahi, basi. Nilifurahi kama niko darasa la saba.

Tukatoka stendi. Mikono ilikuwa inanitoka jasho na baridi yote hii. Tukafika Mnara, taa yake nyekundu inawaka na kuzima. Nikasimama. Nikamwuliza, Baba, Wampembe ni kulia au kushoto?

Akautazama ule mnara. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama dereva. Midomo inacheza. Nikaona anatafuta, na nikajuta kuuliza.

Kisha akaegemea ukuta, akakunja mikono.

"Wewe ndiye dereva," akasema.

Nikapiga honi, nikakata kushoto.